Kifua Changu, Mali ya Umma

Ukitaka kujua Malindi ina madaktari wangapi, usihangaike na takwimu za wizara. Shika kifua mbele za watu, kunja uso kidogo, toa mguno. Watajitokeza wote. Atajitokeza muuza kahawa, fundi wa baiskeli, na yule mzee wa pembeni ambaye hainuki kwa lolote isipokuwa adhana na maziko. Kila mmoja ana ugonjwa wako tayari kinywani, ana pahali pa kukupeleka, na ana shemeji aliyeshikwa vivyo hivyo akapona. Au akafa. Waliokufa ndio husimuliwa kwa urefu.

Mimi kifua kilinianza kusi ilipoanza kuvuma. Sikumwambia mtu ila mke wangu, tena usiku, taa imezimwa. Alfajiri habari ilikuwa imevuka barabara. Saa nne ilikuwa imefika Watamu kwa dada yake. Adhuhuri binamu yangu wa Muscat akanipigia simu kunipa pole, na kuniuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kile kishamba chetu cha Mambrui kimeshatoka hati.

Kuugua kwenyewe si kazi. Kinakubana hapa katikati, unakaa kidogo, kinakuachia. Kazi ni kuamua uende wapi. Na katika kuamua huko nimeona jambo moja ambalo mpaka leo linanikera: hakuna hata mmoja aliyenishauri kwa ajili ya kifua changu. Kila mtu ananipeleka anakokwenda yeye. Mwenye vidonda vya tumbo ananipeleka kwa daktari wake wa vidonda. Mwenye presha ananipeleka kwenye presha yake. Jirani yangu aliyetolewa jino kwa raha mustarehe alinisifia yule mng'oa meno kwa moyo wake wote, na nilipomkumbusha kuwa mimi naumwa kifua, alisema, "Lakini ana mkono mwepesi sana yule bwana."

Pale barazani chama chenye wabunge wengi ni chama cha gesi. Ilani yao ni fupi: kila kitu ni gesi. Kifua, gesi. Mgongo, gesi imepotea njia. Wanakuhesabia ulichokula tangu Ijumaa, viazi vya karai, bhajia, achari ya embe, mbaazi za nazi na mahamri, halafu wanakutazama kwa huruma ya hakimu. Dawa yao ni ndimu na tangawizi, au soda baridi uinywe kwa mkupuo ucheue mbele yao ili wahakikishe. Siwezi kusema hawana hoja. Kiungulia kikipanda huunguza kifua hasa, na wako watu waliokimbizwa hospitali usiku wakidhani ni moyo, kumbe ni asidi ya tumbo imepanda kooni. Lakini kiungulia ninakijua. Kiungulia hunijia nikiwa nimelala na shibe. Hiki kinanijia nina njaa.

Upinzani ni chama cha kichomi. Hawa wanaamini mapafu yameingiwa na baridi, wanataka nipakwe kitu kikali kifuani nifunikwe blanketi, Malindi hii, joto hili. Kuna mmoja huru, hana chama, akataja kifua kikuu. Palepale wenzake wakasogeza vikombe. Nikamjibu kwamba sikohoi, sitoki jasho usiku, sikukonda, na kwamba hata ingekuwa ndiyo, dawa zake hospitali za serikali hutolewa bure na watu wanapona. Akasema amefurahi kusikia hivyo. Hakurudisha kikombe.

Vijana nao walikuwa na lao. Walisema labda nimeanza muguka kwa siri. Tangu magavana wa Mombasa na Kilifi walipoipiga marufuku Mei 2024, mahakama nayo ikaingia kati, muguka imekuwa ndiyo mshukiwa wa kila jambo pwani hii. Moyo kwenda mbio, muguka. Mtoto kufeli, muguka. Nikawaambia umri wangu sina meno ya kutafuna majani, na mazungumzo yakaishia kwenye meno, ambako jirani yangu alikuwa na la kusema.

Basi nikaanza na kemisti, kama anavyoanza kila mtu. Sitaitaja ni ipi. Kijana aliyevaa koti jeupe la mikono mirefu kuliko mikono yake alinisikiliza huku akimrudishia mtu chenji, kisha akaniuliza swali moja tu la kitabibu: "Mzee, una ngapi mfukoni?" Nikamtajia. Ugonjwa wangu ukatoshea kiasi hicho sawasawa, haukubaki hata shilingi kumi. Nikatoka na chupa ya uji mweupe wa tumbo na vidonge vya rangi mbili ambavyo, nilipovionyesha nyumbani, mke wangu aliviweka kabatini pamoja na vingine vya rangi hiyohiyo tulivyowahi kununulia jipu, sikio na kikohozi.

Kisha akaja mama mkwe. Mama mkwe wangu ni Mgiriama wa Marafa, mtu mwenye heshima yake, na mimi mbele yake hupunguza sauti hata nikiwa ndiye mgonjwa. Alileta mizizi ndani ya khanga. Alinieleza kila mmoja unatoka upande gani wa mti na kwa nini upande huo. Nilikunywa. Ulikuwa uchungu wa kumfanya mtu atubu madhambi ambayo bado hajayatenda. Sikumbishia: kule alikokulia, zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku na mti ulikuwa nyuma ya nyumba, na mtu huenda palipo karibu. Ila yeye mwenyewe, sukari yake ilipopanda, alipanda matatu akaja mjini kufuata sindano. Mizizi ilikuwa ya mkwe.

Ndugu yangu mkubwa alitaka nikaumikwe. Alinitajia mtu anayefanya hijama safi, kwa wembe mpya na vikombe vya plastiki. Sheikh wetu wa mtaa, ambaye nilitarajia angeniandikia kombe, alinisikiliza akanisomea dua, akasema kwa upole, "Na hospitali uende." Sikupenda. Mtu akitoka kwa sheikh hutarajia amemalizana na hospitali.

Nilizisoma hata zile mbao zilizopigiliwa kwenye nguzo za umeme barabara ya Lamu, za waganga kutoka mbali. Kwa nini wa karibu hawatangazi sijui. Ubao mmoja ulihesabu kazi zake: kurudisha mpenzi, kesi za mashamba, kupandishwa cheo, nguvu za kiume, presha. Nikaona presha imewekwa mwisho, tena kwa herufi ndogo zilizobanwa ukingoni, nikajua si fani yake.

Lakini kuna pahali nilidhani ndipo. Kliniki moja ya tiba mbadala, kiyoyozi ndani, picha za mishipa ukutani, binti anayeongea kwa utaratibu. Nilipewa chuma nishike kiganjani, kimefungwa waya kwenda kwenye kompyuta. Nikakishika. Kompyuta ikapiga kengele, ikachora rangi, ikatoa makaratasi ya kujaza bahasha. Figo yangu ilionekana, ini, mifupa, kumbukumbu, hata hali ya ngozi ya kope. Kila ukurasa ulikuwa na upungufu, na kila upungufu ulikuwa na kopo lake rafuni nyuma ya binti. Nikauliza, kwa adabu, imekuwaje chombo kisichovuka kifundo cha mkono kikajua yote haya. Akasema ni teknolojia ya anga.

Hapo aliniudhi. Teknolojia ya anga sisi watu wa huku hatuhadithiwi. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa lao baharini na kurusha setilaiti tangu 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za nyota. Nyota, tena zilizo mbali hata mwanga wake huchoka njiani. Mimi mwezi uleule wa kushika chuma nilikwenda kwenye kituo kimoja kupiga eksirei ya kifua, kifua kilichokuwa palepale mlangoni, kimevaa shati, nikaambiwa fundi wa mashine anatoka Mombasa na hajulikani lini.

Mjomba wangu alitumika serikalini hadi akastaafu, na kwake ugonjwa ni faili. "Usirukie ngazi," aliniambia. "Unaanza ngazi ya pili, zahanati. Unapewa barua. Unakwenda ya tatu, kituo cha afya. Ya nne ndiyo hospitali ya kaunti ndogo. Hivi ndivyo ilivyopangwa." Ni kweli ndivyo ilivyopangwa. Ngazi ni sita, ya kwanza ni nyumbani kwako, ya sita ni hospitali kuu za taifa, na tangu 2013 zile za chini zote ziko mikononi mwa kaunti. Mjomba alizieleza vizuri mno hata nikatamani kuwa na ugonjwa unaopanda taratibu, wenye nidhamu. Halafu akaongeza kwamba hata nikifika huko juu nitakuta wamegoma. Nikamwambia mgomo wa madaktari ulikuwa Machi hadi Mei 2024, siku 56, na ulikwisha. Akasema, "Huo ulikwisha," akiutilia mkazo ule "huo" namna ya mtu anayejua mengine.

Tukaingia kwenye kadi ya bima ya afya. Mwenzangu, kadi ndiyo nusu ya ugonjwa. NHIF tuliyozaliwa tukaikuta, iliyoanza 1966, ilifungwa mlango, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi tusio na mshahara huulizwa maswali ya nyumba: paa la makuti au la mabati, choo cha namna gani, mnapikia nini, mna ng'ombe. Halafu hesabu hupigwa ya mchango wako, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akijibu, mimi nimekaa kando nashika kifua. Ajabu ya Mswahili: mtu anaulizwa ili alipe kidogo, na yeye anaona haya kusema ukweli wa paa. "Mabati," alisema. Nikamwangalia. Juu yetu makuti yalikuwa yanachungulia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba jirani alikuwa dirishani.

Kilifi je? Kilifi ni kiasi cha kilomita 60 kutoka kwetu, nusu ya safari ya Mombasa, na hospitali ya kaunti iko pale. Lakini ukitaja Kilifi kwa wazee wa hapa, watakutajia KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba. Watafiti wako pale kando ya hospitali tangu 1989. Kazi yao imo katika chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, na tangu 2000 wamekuwa wakizunguka vijijini kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kwa mama mkwe wangu yote hayo ni mzunguko wa kufikia jambo moja. "Wanataka damu," alisema. Uvumi huo ni mkongwe, watafiti wenyewe wameuandikia makala, na sioni utakwisha leo. Nikamwambia, mama, damu yangu mimi na umri huu, wataifanyia nini? Akafikiri, akanitazama juu hadi chini. "Hilo ni kweli," alisema, na sikupenda alivyokubali upesi.

Mombasa nako kulikuwa na watetezi wake. Wengine wanasema Coast General, wengine wanataja hospitali za pesa, zile ambazo ukiegemea kaunta tu umeshatozwa. Wote wanakubaliana kwamba Malindi si pahali pa kuugua kitu cha maana. Nimeshangaa miaka mingi na imani hii. Mtu ana hospitali mwendo wa tuktuk, ataiacha apande gari kilomita 120, akwame Mtwapa kwenye msongamano pamoja na malori ya mchanga, ili afike kwa daktari aliyesoma chuo kimoja na yule wa nyumbani. Na yule wa Mombasa akiugua hukimbilia Nairobi, wa Nairobi hukimbilia India. Sijui Mhindi akiumwa huelekea wapi, ila nina hakika si Malindi.

Kufikia hapo lilikuwa limeshafunguliwa kundi la WhatsApp. Lilifunguliwa Muscat. Kabla ugonjwa haujapata jina, mweka hazina alikuwa amepatikana. Walitafuta picha yangu ya kusikitisha wasipate, wakachukua ya harusi ya mpwa wangu, nimeshiba pilau, wakaikata ikabaki uso, na kwa kweli mtu akinitazama vile bila kuona sinia angetoa chochote. Mmoja akapendekeza Chennai. Mwingine akauliza nauli ni ya watu wangapi, maana mgonjwa hawezi kwenda peke yake, na yeye pasipoti yake ilikuwa hai.

Katikati ya haya yote kuna mtu alikuwa akipita nyumbani na mkoba mgongoni, wala hatukumsikiliza. Ni binti wa jirani, mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale laki moja waliokabidhiwa mikoba Septemba 2023, ndani yake mashine ya presha, ya sukari na kipimajoto. Kosa lake ni kwamba tulimwona akizaliwa. Mtu uliyemwona akitambaa uani hawezi kukuambia kitu kuhusu moyo wako, hata awe na mkoba wa namna gani. Alinifunga ule mkanda mkononi, akapampu, akatazama, akafunga tena mkono wa pili. Presha ilikuwa 168 kwa 102. "Ami," alisema, "hii peke yake ni ya kwenda hospitali leo. Na kifua juu yake."

"Ipi?" wakauliza watu wanne kwa pamoja, maana ndilo swali tuliloishi nalo.

"Iliyo karibu, iliyo wazi, yenye mashine ya kupima umeme wa moyo."

Kimya. Katika kikao kizima hakuna aliyekuwa amefikiria kuchagua hospitali kwa kuuliza ina nini. Tulikuwa tumechagua kwa nani alipona wapi, kwa rangi ya jengo, kwa nani ana shemeji getini. Yule binti akatoa simu akapiga. Akauliza: mashine ipo? Inafanya kazi? Karatasi zake zipo? Leo yupo wa kuisoma? Yale mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nimheshimu. Mimi ningeuliza kama mashine ipo, nikaambiwa ipo, nikaenda nikaiona imefunikwa kitambaa.

Tuktuk ilikuja. Ndani tuliingia mimi, mke wangu, mama mkwe na mizizi yake, na mjomba akiwa amebeba faili ambalo sikujua lina nini.

Aliyenipokea, baada ya foleni ambayo sitaisimulia maana kila msomaji ana yake, alikuwa tabibu mdogo wa kike, umri wa binti yangu wa mwisho. Nilijiandaa kumweleza historia yote: gesi, kichomi, chuma cha kiganjani. Hakutaka. Akauliza, "Mzee, kinakushika ukiwa unafanya nini?"

Niwaeleze hapa jambo la baiskeli. Ninayo Black Mamba ya miaka mingi, nayo hunipeleka sokoni kufuata samaki asubuhi na kunirudisha. Malindi ni tambarare, mtu anaweza kuishi humu hadi kufa asijue kama moyo wake unaweza mlima. Mlima wetu ni kusi. Nikirudi nimeielekea, nina samaki na dumu la maji, kifua hubana. Sasa mwanamume mzima hawezi kusimama barabarani bila sababu akashika kifua. Kwa hiyo nikibanwa husimama kwenye baraza iliyo karibu nikawaamkia watu. Nauliza habari za watoto, za shamba, za yule mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Kikiachia, naaga nakwenda. Mtaa mzima umenisifu mwaka huu. Wanasema nimekuwa mtu wa watu, nimeacha kiburi, sipiti mlango wa mtu bila salamu. Imamu alinitolea mfano.

Yule tabibu aliacha kuandika. "Ukipumzika kinaondoka baada ya muda gani?"

"Muda wa salamu," nikamwambia. "Kwa mtu mwenye watoto wengi, hata kabla hajamaliza."

Akanilaza, akanibandika vidude kifuani, miguuni na mikononi, mashine ikachora vilima vyake kwenye karatasi ya miraba. Mimi hupenda kujua nimefungwa kwenye nini, kwa hiyo baadaye nilisoma. Mashine hiyo asili yake ni Mholanzi wa mji wa Leiden, Willem Einthoven, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo mia mbili na zaidi, haichukuliki, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Hospitali ilikuwa kilomita moja na nusu kutoka maabara yake, na wagonjwa hawawezi kubebwabebwa. Unajua alifanya nini? Mwaka 1905 aliunganisha waya wa simu. Mgonjwa akabaki kitandani hospitalini, mapigo ya moyo wake yakasafiri kwa waya hadi kwenye mashine. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Zaidi ya karne imepita, simu tunazo mpaka za kutazama harusi za Zanzibar moja kwa moja, na kwetu mgonjwa bado ndiye anayefungwa leso kiunoni akapandishwa matatu kuufuata mtambo.

Karatasi ilikuwa safi. Mama mkwe akapiga kigelegele kidogo. Mjomba akafungua faili. Tabibu akatuambia tungoje, karatasi safi haijamaliza neno. Moyo ulipimwa umelala, na ukiwa umelala hauna shida, damu inatosha. Mishipa inayoulisha ikiwa imepungua upana, shida huonekana ukidai kazi: kusi, dumu, baiskeli. Unadai damu zaidi, haifiki, unalalamika. Ukisimama kusalimia, unanyamaza. Akachukua damu kutazama ile protini ya troponini, ambayo huvuja misuli ya moyo ikianza kufa. Haikuwa imevuja. Lakini alitaka nikapimwe Mombasa nikiwa natembezwa kwenye mashine, na moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti.

Nikapewa vya presha, aspirini ndogo ya kila siku, na kingine cha kuweka chini ya ulimi kikinibana. Nilipokisoma jina nikaruka. Ni naitrogliserini, mama yake dinamiti, ile iliyomtajirisha Alfred Nobel, mwenye tuzo. Naye uzeeni alishikwa na kifua hikihiki, na madaktari wakamwandikia dawa hiyohiyo, akaona kejeli yake akamwandikia rafiki. Mke wangu sasa haruhusu mtu kuwasha kiberiti chumbani.

Kisha tabibu alitugeuzia uso sote, hata mjomba. "Kikimshika amekaa, au kikakaa zaidi ya robo saa, au akatoka jasho la baridi, pumzi ikakata, au kikapanda taya na mkono, msiitishe kikao. Asiyekatazwa aspirini atafune moja nzima ya miligramu 300, na mje hapa, si Mombasa, hapa. Misuli ya moyo hufa kwa dakika." Akamtazama mke wangu. "Na wewe mama, wanawake, na wenye sukari, wakati mwingine hawaumwi kifua kabisa. Ni kuchoka, kichefuchefu, pumzi."

"Mimi nikichoka kwetu huambiwa ni kazi za nyumbani," alisema mke wangu, akimwangalia mtu fulani aliyekuwa amelala kitandani na vidude kifuani.

Tuliporudi, baraza ilikuwa imejaa. Chama cha gesi kilitaka kuiona karatasi. Waliipitisha mkono kwa mkono, wakaishika juu chini, wakasema vilima hivi vidogo vidogo vya katikati ndiyo gesi yenyewe. Nikasema ninatakiwa Mombasa kwa vipimo viwili. Nilijuta palepale, maana liliibuka lile swali tena, likiwa bichi: Mombasa wapi? Mmoja alikuwa na hospitali, mwingine ana daktari anayekuja Jumanne tu, mwingine ana binamu anayeendesha lifti kwenye jengo fulani. Muscat walishaingia kwa simu, spika imewashwa. Jirani mwenye jino alisema, "Mombasa ya nini? Akishafika Mombasa si bora aunganishe India moja kwa moja?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na kikapu. Alikuwa ameshampigia yule binti wa mkoba, na yule binti ameshapiga kuuliza mashine, karatasi, msomaji, bei na kama kadi yetu inapokewa.

"Anakwenda Jumatatu, gari la saa kumi na moja asubuhi, nafasi ni mbili na zimelipwa," alisema. "Na wewe jirani, kwa kuwa una nafasi, mbuzi wetu hula saa mbili na saa kumi. Yule mweupe usimfungue kamba."